Shamba Lililochoka na Msitu wa Jirani

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wakulima, walimu, wanafunzi na watumishi wa umma

Nawaomba radhi mapema waliotarajia nihimize upandaji miti. Miti nitaigusa, lakini nimekuja kuzungumzia mashamba.

Kusudi la mhadhara huu ni kujibu swali moja. Kwa nini mkulima mdogo wa nchi za joto na mvua hufyeka msitu ilhali ana shamba tayari, na ni kitu gani kimewahi kupunguza kasi hiyo? Jibu langu nalitanguliza ili mnipime nalo. Mkulima hufuata rutuba. Shamba alilonalo likiendelea kumlipa jasho lake, msitu wa jirani hupumua. Likichoka, bango la hifadhi litauchelewesha moto, halitauzima. Sehemu kubwa ya fedha na akili tunazozipeleka msituni ingestahili kupelekwa kwenye shamba kuukuu, lile ambalo hakuna mgeni anayepelekwa kulipiga picha.

Takwimu nitazipitia haraka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba katika miaka ya 1990 dunia ilikuwa ikifyeka hekta milioni 16 za misitu kila mwaka. Kati ya 2015 na 2020 zikawa milioni 10. Kasi imepungua, ila si kwetu: katika mwongo ulioishia 2020, Afrika ndiyo iliyopoteza msitu mwingi kuliko bara lolote. Tanzania yenyewe ilipeleka Umoja wa Mataifa hesabu ya takriban hekta 469,000 kwa mwaka kati ya 2002 na 2013. Kule Brazili, mfyekaji mkubwa ni mfugaji wa ng'ombe mwenye trekta na mkopo wa benki. Kongo na kwetu, mfyekaji mara nyingi ana panga, jembe na watoto wa kusomesha. Dawa ya huyu haiwezi kuwa dawa ya yule.

Hoja ya kwanza: ukubwa wa miti si ushahidi wa rutuba ya udongo

Mgeni akipanda kutoka Muheza kwenda Amani, akaona miti iliyofunga anga, husema ardhi hii ukiangusha mbegu itaota hata juu ya jiwe. Katika misitu mingi ya mvua, chakula kingi cha mimea hakimo ardhini. Kimo ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza juu ya ardhi. Jani huanguka, huoza, na mizizi ya juujuu hulinyonya kabla mvua haijazamisha kilichomo. Amani hupata mvua ya milimita 1,900 hivi kwa mwaka. Maji ya kiasi hicho, kizazi baada ya kizazi, yameusuuza udongo yakauacha na tindikali. Ukikata na kuchoma, majivu hupoza tindikali hiyo na kuachia chakula chote kwa mkupuo, na mahindi ya msimu wa kwanza yanameremeta. Huo ni mkopo uliotiwa sahihi bila kusoma masharti. Misimu michache baadaye marejesho yanaanza kudaiwa.

Waliodanganyika mapema na kwa hasara kubwa hawakuwa wakulima wadogo. Walikuwa Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifungua shamba la kahawa Derema, na mengine yakafuata, kwa imani kwamba msitu mnene kiasi kile hauwezi kukalia udongo maskini. Mibuni ilianza vizuri kisha ikadhoofika. Mwaka 1902 serikali yao ikajenga Amani taasisi ya utafiti wa kilimo yenye maabara, maktaba na bustani ya mimea iliyosifika hata ng'ambo, na bado kahawa ya Usambara Mashariki haikuinuka. Zao lililokuja kudumu ni chai, ambayo hupenda udongo wenye tindikali. Nawakumbusha haya kwa sababu bado nasikia ikisemwa kwamba mkulima mdogo huharibu kwa ujinga. Kama ni ujinga, ulipita kwanza maabara.

Hoja ya pili: kivuli cha leo kinaweza kuwa shamba tupu la kesho

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo mambo yetu yalipo. Nyote mliokunywa chai nje pale mmeonja iliki, na nina hakika pilau ya Idi haikupikwa bila hiyo.

Iliki haitaki jua kali. Mkulima wa Usambara Mashariki hakuhitaji kuangusha msitu mzima. Alifyeka vichaka na miche ya chini, akapunguza baadhi ya miti, akaacha ile mirefu itie kivuli, akapanda. Ukiitazama kutoka angani, milima ile ilikuwa bado ya kijani. Baada ya miaka mitatu hivi iliki huanza kuzaa, na kwa familia isiyo na barabara nzuri hakuna zao linalofaa zaidi: ni jepesi, halivundi likishakaushwa, na gunia moja hubeba thamani kubwa kuliko mahindi ambayo mtu mzima angeyashusha mlimani kichwani kwa siku kadhaa. Ndiyo maana wataalamu wengi walilisifu kama mfano wa kilimo mseto kinachoishi na msitu.

Sifa hiyo ilikuwa ya kweli kwa muda. Mavuno ya iliki hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka kadiri shamba linavyozeeka, kwa kuwa kila msimu chakula cha udongo kinatoka kikiwa ndani ya magunia na hakuna kinachorudi. Mbolea ya dukani haifiki kwa bei ya kununulika. Samadi ni kidogo kwa sababu ng'ombe ni wachache. Na kuna jambo ambalo picha ya angani haikulionyesha: palizi ya kila mwaka iling'oa pia miche ya miti ya msitu. Miti ya kivuli ilikuwa wazee wasio na wajukuu. Iliki ilipochoka, mkulima hakuwa na sababu ya kukilinda kivuli. Aliikata ile mirefu iliyobaki, akapanda mahindi, mihogo, migomba au miwa, na iliki akaihamishia mbele, msituni.

Mzee mmoja pale mbele anatikisa kichwa, nadhani anataka kuniambia kwamba wapo waliotunza mashamba ya iliki kwa muda mrefu bila kuhama. Ni kweli, wapo. Ukiwachunguza utakuta wengi wana zizi karibu, au wamechanganya iliki na pilipili manga, mdalasini na karafuu, kiasi kwamba zao moja likishuka jingine linawashikilia. Hao ndio ningependa watafiti wakae nao miezi, si saa mbili. Bei nayo ina mkono wake. Iliki ikichumwa kabla haijakomaa, ama kwa hofu ya wezi ama kwa shida ya ada, na ikakaushwa juu ya moto wa kuni, mnunuzi huikadiria chini. Na anayelipwa kidogo hana cha kurudisha ardhini.

Serikali nayo ilikuja kutumia njia nyingine, ya kuweka mipaka, lakini haikuanzia hapo. Miaka ya 1970 na 1980 msitu wa Usambara Mashariki ulikuwa ukipasuliwa mbao kwa mashine zilizoletwa kwa msaada wa Finland, mpaka kelele za wanasayansi na wananchi zikasimamisha kazi hiyo katikati ya miaka ya 1980. Baadaye Finland ileile ikagharimia uhifadhi, na mwaka 1997 Hifadhi Asilia ya Amani ikatangazwa. Kisha ukaja ushoroba wa Derema, chini kidogo ya hekta 1,000, ukanda unaounganisha misitu ambayo ingebaki visiwa. Ndani yake kulikuwa na mashamba ya iliki ya wakulima zaidi ya 1,000. Mimea ilihesabiwa, fidia ikalipwa, nyingi kwa fedha za Benki ya Dunia, na wenyewe wakatoka.

Sisemi Derema ilikuwa kosa. Msitu ule una vyura, ndege na miti isiyopatikana penginepo duniani, na ushoroba ulihitajika. Nasema fidia ilihesabu mashina ya iliki, haikuhesabu shamba litakalofuata. Mtu aliyepokea fedha zake akarudi kwenye kipande cha udongo uliochoka alikuwa na njia mbili tu, kununua rutuba au kutafuta msitu mwingine. Malalamiko juu ya kiwango cha fidia, ucheleweshaji na ardhi mbadala yaliendelea miaka mingi baada ya mipaka kuwekwa.

Hoja ya tatu: jasho lina bei, na mkulima anaijua

Kama rutuba ndiyo kiini, si tuwaamuru watu watunze udongo? Hilo limejaribiwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliwalazimisha Washambaa wa Mlalo, kule Usambara Magharibi, kuchimba matuta kwa amri na faini. Milima ya Uluguru ikapata mpango wake wa matumizi ya ardhi, na huko watu waliamriwa kuchonga ngazi kwenye miteremko mikali. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo. Mahali pengi ngazi zile zilizika udongo mweusi wa juu zikafunua udongo mwekundu usio na nguvu, mazao yakapungua palepale yalipopaswa kuongezeka. Mwaka 1955 ghasia zililipuka Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. TANU, chama cha kudai uhuru kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, haikuhitaji hotuba ndefu ili kuungwa mkono Uluguru.

Tazameni sasa upande wa pili wa nchi, Umatengo, wilayani Mbinga. Miteremko yao si ya mchezo, mvua zao ni nyingi, na wamelima humo kwa zaidi ya karne kwa ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa ardhini kwa mistari inayokatana, mfano wa miraba ya daftari la hesabu. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifukia. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata msimu wa pili, magugu hutupwa shimoni yakaoza, na maji ya mvua hutulia humo badala ya kuteremka na udongo. Hakuna aliyewalazimisha. Ni kazi nzito, na akina mama ndio hubeba sehemu kubwa ya uchimbaji, jambo ambalo wanaoisifu ngoro hulisahau. Wachaga nao, katika vihamba vyao chini ya msitu wa Kilimanjaro, waliweka migomba, kahawa, miti ya kivuli na ng'ombe wa kufungia zizini ambaye samadi yake haikutoka nje ya kihamba. Vihamba hivyo vililisha watu wengi kwa kilomita ya mraba bila kuhamahama.

Tofauti kati ya Uluguru ya 1955 na Umatengo si elimu, wala si kabila lipi ni chapakazi. Mmatengo na Mchaga walimwaga jasho mahali palipowarudishia mavuno msimu uleule au ujao. Mluguru aliambiwa achimbe leo kwa faida ya mto utakaonufaisha watu wa mbali.

Na tusivifanye vihamba kuwa pepo. Leo vimegawanywa kwa urithi hadi vingine havitoshi kulisha nyumba moja, bei ya kahawa imewavunja wengi moyo, na vijana wameshukia tambarare.

Hoja ya nne: tija yenyewe hukata msitu

Wapo watakaosema: basi leteni mbegu bora, mavuno yapande, msitu utabaki. Hoja hii ina baba mashuhuri, Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano. Kwa hesabu ya dunia nzima ina ukweli mwingi. Ukingoni mwa msitu inaweza kugeuka kinyume. Mwaka 2001 watafiti Arild Angelsen na David Kaimowitz walikusanya katika kitabu kimoja mifano ya nchi nyingi, na funzo lao ni gumu kumeza: teknolojia inayopunguza kazi ya mikono, kwa zao lenye soko lisiloshiba, mahali penye ardhi ya kufyeka bure, huongeza ufyekaji. Nani aache kulima eneo kubwa zaidi wakati ekari moja sasa inalipa mara mbili?

Ushahidi wa karibu ni ufuta wa Lindi. Bei yake ilipopanda na minada ya stakabadhi ghalani ikashika kasi, Kilwa, Liwale na Nachingwea waliona neema ambayo korosho peke yake haikuwapa. Nyumba za bati ziliongezeka, pikipiki zikaongezeka, na mashamba mapya yakaingia misituni. Ukimuuliza mkulima wa ufuta kwa nini halimi palepale, mara nyingi hatakutajia rutuba kwanza, atakutajia majani. Shamba lililofyekwa juzi halina magugu mengi. La mwaka wa tatu linamtaka apalilie mara mbili au tatu, na vibarua wa palizi ni ghali kuliko moto wa kiberiti. Nilisema mkulima hufuata rutuba. Mniruhusu niongeze: na hukimbia magugu. Kwa mwenye jembe la mkono, hayo mawili ni uchovu uleule wa shamba.

Kwa hiyo mbegu bora isiende peke yake. Iende na njia ya kudhibiti magugu kwenye shamba lililopo: jamii ya kunde inayofunika ardhi, mzunguko wa mazao, wanyamakazi pale ambapo ndorobo anaruhusu. Bwana shamba anayepimwa kwa tani peke yake atatoa tani, na msitu utazilipia.

Mtaniuliza, je, miradi ya kipato mbadala? Amani tumeshuhudia miwili. Wa kwanza ni vipepeo: wanakijiji walifuga viwavi na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani, na waliihitaji misitu kwa majani ya kulishia. Fedha ziliingia, hata shule zikanufaika. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai, kipepeo akahesabiwa humo pamoja na nyani, na soko likafungwa usiku mmoja. Wa pili ni msambu, mti wa asili ambao mbegu zake hutoa mafuta yanayoganda, yaliyovutia viwanda vikubwa vya ng'ambo. Mti huu una dume na jike, na anayepanda mbegu husubiri miaka mingi kabla ya kujua kama amepanda dume lisilozaa. Ndiyo maana watafiti walihangaika na kubebesha miche. Yote miwili ni mizuri. Lakini hakuna hata mmoja uliorudisha rutuba kwenye shamba la mahindi. Kipato cha pembeni kikikatika, mtu hurudi shambani akalikuta limechoka vilevile.

Hoja ya tano: msitu uwe na mwenyewe

Hii ni fupi kwa sababu sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato. Kilwa, vijiji kadhaa vilifanya hivyo, vikapata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, na vikauza magogo ya mpingo kwa bei ambayo zamani iliishia kwa wafanyabiashara. Ambapo msitu ni wa kijiji na hela yake inajenga nyumba ya mkunga, anayetaka kuuchoma apande ufuta hukutana na jirani zake kabla hajakutana na askari. Kikwazo ni gharama ya upimaji na mpango wa usimamizi, ambayo kijiji peke yake hakiimudu, na ofisi ambazo hupenda faili likae.

Tulipo sasa

Nirudi Uluguru. Nusu karne hivi baada ya risasi za Matombo, milima ileile ilipata mradi wa mashirika ya CARE na WWF katika bonde la Kibungo. Wakulima walichimba matuta, wakapanda miti na mananasi kwenye miteremko, na mara hii hawakuandamana. Kampuni ya maji ya Dar es Salaam, iliyoyategemea maji ya mto Ruvu, na kampuni ya vinywaji baridi zilikubali kuchangia malipo kwa waliotunza udongo usishuke mtoni. Mlima uleule, kazi nzito ileile. Kilichobadilika ni kwamba jasho la juu lililipwa na kiu ya chini. Udhaifu wake ulikuwa kuwa mradi, na miradi ina tarehe ya mwisho.

Sisi wa Tanga tuna mto Zigi. Maji tunayooga, tunayopikia na tuliyonywea chai ile yanaanzia Usambara Mashariki, yanapita mashamba ninayoyasema, yanafika bwawa la Mabayani yakiwa na udongo wa watu ndani yake. Huko juu wakulima wa Zigi na Kihuhwi wamekwisha kujiunga katika umoja wao, UWAMAKIZI, kwa ajili ya kutunza kingo za mito. Hawaanzi sifuri.

Napendekeza mambo matatu, na nayataka kwenye kumbukumbu za kikao. Kwanza, kila kijiji kinachopakana na hifadhi kiorodheshe mashamba yake kwa umri na hali ya udongo, ili msaada wa samadi, miche na ng'ombe wa zizini uanze na yale yaliyokaribia kuachwa. Pili, wakulima wa iliki waliodumu mahali pamoja muda mrefu waajiriwe kama walimu, kwa posho ileile anayolipwa mtaalamu akija na gari. Tatu, ankara ya maji ya jiji hili iwe na kifungu kidogo, kinachosomeka, kinachokwenda kwa wakulima wa Zigi kila mwaka, kwa makubaliano yaliyoandikwa pande zote mbili, bila kusubiri mfadhili.

Hili la tatu najua litazua mjadala, hasa kwa wenye nyumba za kupangisha. Ndugu Mwenyekiti, kama humu ukumbini yumo mtu wa mamlaka ya maji, ningeomba apewe kipaza sauti wa kwanza, atuambie kifungu hicho kinahitaji kibali cha nani na kinaweza kufika mezani kabla ya bajeti ipi.